Mkakao Uliofungiwa Mbali na Ndugu Zake

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na nyua za kufagia na vyungu vya kusugua kama sisi, aliishi Bi Kindi, mjane mwenye watoto wanne na meno mawili ya maana.

Alikaa kwenye tundu la mti, mkabala na shamba la mikakao. Mkakao, wajukuu zangu, hauzai matawini kama miti yenye haya. Unazaa shinani, tunda limeng'ang'ania gome kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Ndani mna mbegu chungu, na kila mbegu imevikwa nyama nyeupe, tamu, yenye ukali kidogo.

Bi Kindi alitoboa tunda, krr-krr-krr, akafyonza nyama na kutema mbegu. Bwana Kiboko mwenye shamba aliziokota mbegu, akazivundika chini ya majani ya migomba mpaka zichachuke, kisha akazianika. Kila mmoja akapata chake, miaka nenda miaka rudi.

Hata siku moja Bwana Kiboko akatazama matundu kwenye matunda yake, moyo ukamuuma, akamwita mtumishi wake.

"Nyati! Ewe Nyati!"

"Labeka, bwana!"

"Sitaki kuona mkia wa mtu humu. Tuijengee mikakao nyumba!"

Wakajenga nyumba ya nailoni, nyeupe, inang'aa, mlango mmoja, na Nyati mlangoni. Kisha wakafagia. Fyaa! Fyaa! Maganda yaliyooza, migomba iliyoanguka, majani makavu, yote ukingoni mwa mto. Bwana Kiboko huyuhuyu, ambaye akienda haja hurusha kinyesi kwa mkia mpaka jirani afunge dirisha, sasa alikuwa bwana usafi!

Huku kwa Bi Kindi, chungu kikakauka. Watoto wakatafuna magome. Yule wa mwisho akaacha hata kulia, na mtoto akiacha kulia kwa njaa, hapo mama ndipo anapoogopa.

Bi Kindi akapanda mti na kuchungulia ndani ya nailoni. Akaona maua tele, madogo madogo, yamepanga mstari shinani. Kesho yake akaona yameanguka. Maua mengine yakaja, nayo yakaanguka. Tunda hata la dawa!

Bi Kindi akacheka kimoyomoyo. Mama yake alimfundisha kwamba posa ya mkakao hupelekwa na visubi, vile vidudu vidogo kuliko punje ya ulezi vinavyobeba chavua toka ua hadi ua, na visubi huzaliwa katika uozo. Bwana Kiboko alikuwa amewafagia washenga wote!

"Nikimwambia kweli," akawaza, "ataniambia asante, kisha atanifungia mlango. Ngoja nimpe anachokipenda."

Bwana Kiboko alipenda nini? Kuogopwa, na kuogopa mambo ya mila.

Asubuhi Bi Kindi akajifunga kanga kifuani, nyingine akajitanda kichwani, akaenda.

"Hodi hapa penye msiba!"

"Msiba gani, panya wa mtini wewe?" Nyati akafoka. "Hakuna aliyekufa hapa."

"Watoto kumi wanaanguka kila siku shinani, nawe unasema hakuna aliyekufa? Mwite mkubwa wako."

Bwana Kiboko akatoka, bu, bu, bu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema upesi."

"Huyu mkakao ni mwali wa watu. Umemwoa, umemfungia ndani, na mimba yake ya kwanza katika nyumba hii haijaonwa na ndugu hata mmoja. Wewe ulizaliwa wapi, baba?"

"Kwa bibi mzaa mama," Bwana Kiboko akajibu polepole.

"Haya! Mama yako alirudi kwao kujifungua. Mkakao una mizizi, hauwezi kurudi kwao. Basi kwao ndiko kunakopaswa kuja hapa!"

"Na ndugu zake ni akina nani?"

"Bamia. Pamba. Mbuyu."

Nyati akaangua kicheko mpaka pembe zikagonga mlango. "Kha! Kha! Kha! Bamia na mkakao! Basi mimi na chura tumenyonya ziwa moja!"

"Lete ua la kila mmoja, uhesabu."

Maua yakaletwa. La mkakao petali tano. La bamia tano. La pamba tano. La mbuyu, kubwa kama sahani, nalo tano. Nyati akahesabu mara mbili, kisha mara ya tatu.

Na hilo la undugu, wajukuu zangu, ndilo neno pekee la kweli alilolisema Bi Kindi mbele yao siku ile, na ndilo pekee lililochekwa. Uongo wote waliumeza bila maji.

"Tufanyeje, Bi Mkubwa?" Bwana Kiboko akauliza. Umeona? Ameshakuwa Bi Mkubwa.

"Panda bamia na pamba pale mlangoni. Mlango ubaki wazi, maana ndugu hawabishi hodi kwa binti yao. Siku arobaini ufagio usiguse sakafu, utafagia bahati ya mzazi. Na mtandikieni kitanda laini, maganda yaliyooza na migomba iliyooza. Laini kabisa, ile inayonuka."

"Inayonuka?" Nyati akakunja pua.

"Tumbo la mzazi linataka joto, mwanangu. Wewe umezaa mara ngapi?"

Nyati akaona aibu, akaenda kubeba. Kutwa nzima wakahema, hee, hee, Kiboko mbele, Nyati nyuma, wakirudisha uozo uleule walioutupa. Bi Kindi amekaa kitako juu ya jiwe: "Ongeza hapa, baba. Hapo umebana mno."

"Na nani atamwangalia mzazi?" Bwana Kiboko akauliza.

"Shangazi. Mbuyu hatembei, bamia hana mikono. Nitajitolea mimi, na wanangu wanne wa kunisaidia; chakula cha mwangalizi hutoka kwa mwenye nyumba."

Wiki haikupita, visubi wakajaa, wiii! Bwana Kiboko akainua mguu awapige.

"Hasha! Hao ni watoto wa ukweni wamekuja kucheza!"

Akaushusha mguu. "Karibuni, shemeji zangu," akawaambia, tena kwa adabu.

Muda si mrefu, vitunda vikachomoza shinani kama vidole. Bwana Kiboko akalia machozi, akapiga magoti mbele ya tuta la bamia: "Asante, mama mkwe! Asante sana!" Bamia akanyamaza, kama wakwe wenye busara wanavyofanya. Visubi hakuna aliyewapa hata kitambaa cha asante.

Siku arobaini zikaisha. Bi Kindi hakutoka. Mwezi wa tano, matunda yakawa ya njano, na Bwana Kiboko akaingia na kapu lake, akamkuta shangazi kichwa kimezama ndani ya tunda, krr-krr-krr, na watoto wanne wamenona kila mmoja na lake.

"Bi Mkubwa! Unafanya nini?"

Bi Kindi akachomoa kichwa, ndevu zikichuruzika utamu. Sauti ikatoka shwari.

"Namwonjea Mbuyu, baba. Yuko mbali, na hajaonja uzazi wa binti yake."

Bwana Kiboko akamtazama. Akatazama tundu. Akatazama uozo aliourudisha kwa mgongo wake mwenyewe. Kisha akachuma tunda lililo nono kuliko yote, akampa kwa mikono miwili.

"Basi mwonjee na Pamba. Nisije nikasikia wamenung'unika."

Hadithi yangu imefika mlangoni, haiingii zaidi: afukuzaye wadogo ili ale peke yake, atawarudisha kwa mgongo wake mwenyewe, na bado ndiye atakayesema asante.