Kamba Aliyesafisha Meno ya Chewa

—Ngano ninayo. Mnaitaka?
—Tunaitaka, itoe.
—Imelowa maji ya chumvi.
—Itoe hivyo hivyo.

Basi hapo kale, kwenye miamba ya matumbawe, aliishi Chewa, samaki mnene mwenye mdomo kama pipa. Aliishi pia Kamba. Nasema kamba mwenye ndevu, si kamba ya kufungia mbuzi. Kazi yake ilikuwa kumsafisha Chewa meno. Anaingia mdomoni, anachokoa, anakula mabaki, anatoka.

Siku moja Chewa akamwuliza, "Kamba, wale samaki wadogo, tasi, wanajificha wapi?"

Kamba, na shibe yake ya bure, akajibu, "Tumbawe lile la njano, mzee."

Chewa akapiga mkia, pu! Tumbawe likavunjika, kacha! Akala.

Kesho yake akauliza tena. "Lile la zambarau, mzee." Pu! Kacha! Akala.

Siku ya tatu hakuuliza. Alipiga popote. Pu! Kacha! Hiyo ilikuwa nyumba ya Kamba.

Kamba akazunguka akitafuta pa kulala. Mama Tasi, aliyebakiwa na mtoto mmoja tu, akamwona. "Karibu, dada Kamba. Tumebanana, lakini pembe utapata."

Hakumwuliza kitu. Kamba akajikunja pembeni. Yule mtoto wa Tasi akaja kulala kwenye ndevu zake, na Kamba akashindwa kumtazama. Aliona haya mpaka ganda likawa jekundu.

Asubuhi akaenda kwa Chewa. "Shikamoo, mzee. Nimejua walikojificha wote. Tundu lile la juu mwambani. Ila ukipiga mkia watakusikia. Bana mashavu, ingiza kichwa polepole."

Chewa akabana mashavu, akaingiza kichwa. Mle ndani hamkuwa na kitu. Akahema, mashavu yakatanuka, akakwama. Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyohema, na kadiri alivyohema ndivyo alivyozidi kukwama. Maji nayo yakaanza kupwa. Mgongo ukabaki juani, mkia ukipapatika, pwata, pwata, na samaki wote wakaja kuangalia.

"Kamba, nitoe," Chewa akasema. "Nakufa kwa aibu."

"Sema kwanza ulichofanya. Wasikie."

Chewa akasema kwa sauti ndogo, "Nimevunja nyumba zenu. Sitavunja tena."

Samaki wakamgeukia Kamba wamshukuru. Hapo akashindwa kuvumilia. "Msinishukuru. Mama Tasi, mimi ndiye niliyemwonyesha. Watoto wako niliwataja mimi."

Mama Tasi akasema, "Najua. Siku ile nilikuona ukitoka mdomoni mwake, ukaelekeza ndevu kwetu."

"Ulijua, na ukanikaribisha?"

"Ulikuwa huna pa kulala."

Kamba akamgeukia Chewa, akamwambia, "Bana mashavu, rudi nyuma." Chewa akachomoka, akaenda zake bila kumwangalia mtu.

Tangu siku hiyo hakuvunja tena. Lakini tumbawe hukua kidogo mno, mwaka mzima halifiki upana wa ukucha. Mpaka leo pale palipovunjika ni weupe mtupu, na Kamba akipapita hushika njia ya mbali.

Funzo lake, wanangu: mkitaka kuvunja nyumba za watu, tumieni mkia. Kichwa msikitie humo.

—Ngano imefika pwani.
—Na sisi tumeipokea.
—Ikiwapendeza, ichukueni. Ikiwakera, niachieni mwenyewe.