Wasiokunywa Walipoyajadili Maji

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa naona mko hai. Watoto sogeeni mbele, wakubwa acheni kunong'ona.

Zamani, zamani zile za kale hasa, wanyama walipokuwa bado wanakutana na kuulizana mambo ya nchi, palikuwa na bwawa. Karibu wote walikunywa hapo. Na miongoni mwao alikuwako mama mmoja, Bi Ngiri, na wanawe.

Asubuhi moja Bi Ngiri akaja bwawani, mkia juu, watoto nyuma, tifu tifu tifu. Akasimama ghafla. Maji yalikuwa ya kijani. Si kijani cha majani, kijani cha ukoga, ule utando wa maji yaliyooza. Yananuka. Kambare wanaelea, matumbo juu.

"Mama, kiu," akasema Kibogoyo, yule mdogo kabisa, ambaye hajaota hata jino moja.

"Subiri mwanangu."

"Mama, kiu!"

Bi Ngiri akanusa. Akarudi nyuma. Akanusa tena. Wanywe, wasinywe? Wakinywa, labda watakufa kama kambare. Wasiponywa, jua lile litawamaliza. Wanywe, wasinywe? Hakujua.

Akawapeleka kwenye Baraza la Maswali.

Baraza lilikaa penye jiwe bapa, mwenyekiti wake Nyani. Kila kitu kilijadiliwa pale: siasa, mila, sayansi, na nani kamwacha nani. Lakini lilikuwa na sheria moja, na kila mnyama aliisifu kuwa ni ya haki. Mwenye shida anauliza, kisha ananyamaza. Wanaojibu ni wale ambao shida hiyo haiwagusi. Kwa nini? Kwa sababu, walisema, kiu humpinda mtu akili. Asiye na kiu ndiye anayeona sawasawa.

Basi kwa swali la maji wakaitwa nani? Choroa, Digidigi na Mzee Kobe. Wale wanaojipatia maji kwenye majani, wanaoweza kumaliza kiangazi kizima bila kuligusa bwawa.

Mnacheka? Bi Ngiri hakucheka. Alikaa, akatega masikio.

Choroa akainuka, pembe ndefuuu. "Ndugu zangu, swali si maji. Swali ni bwawa la nani? Kiboko analala humo mchana kutwa. Nani alimpa? Tumjue mwenye bwawa, tutamjua wa kulaumiwa!"

Kwato zikapigwa. Paka paka paka!

Bi Ngiri akawaza: kweli hiyo. Ni Kiboko!

Digidigi akarukia kichuguu ili aonekane. "Tusikurupuke. Ukijani si ushahidi. Majani ya kijani tunakula. Nyoka wa kijani anaua. Na hao kambare, je, wamekufa kwa sababu ya maji, au wamekufa tu wakiwa majini? Hayo ni mambo mawili. Tuchunguze mpaka masika."

Paka paka paka!

Bi Ngiri akawaza: kweli hiyo nayo. Basi si Kiboko. Au ni yeye, ila tungoje masika?

Mzee Kobe akatoa shingo polepole. "Mna haraka. Babu yangu aliona maji ya kijani. Aliona na mekundu. Yalikuwa na wimbo wake, yakiimbiwa yanatulia. Shida ni kwamba mmeuacha wimbo."

"Tuimbie basi, Mzee!"

"Nimeusahau. Ndiyo hiyo shida ninayoisema."

Paka paka paka! Safari hii hata zaidi.

Akili ya Bi Ngiri ikazunguka. Akimtazama Choroa, Choroa ana haki. Akimgeukia Digidigi, na huyu ana haki. Kobe naye, mzee wa watu, atadanganya vipi? Alikuja na swali moja, sasa anayo mengi, na hata moja hawezi kuwanywesha watoto.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mimi nauliza tu. Wanywe, wasinywe?"

"Bi Ngiri! Una kiu?" akafoka Nyani.

"Ninayo."

"Basi nyamaza. Utatuharibia mjadala."

Puu! Kibogoyo akaanguka. Hakulia. Ulimi nje, umekauka, una vumbi.

Hapo Bi Ngiri akasimama. Sheria akaitupa huko.

"Nani kati yenu amekunywa bwawani leo?"

Mzee Kobe akarudisha shingo ndani.

"Jana je?"

Choroa akatazama kwato zake.

"Na kesho, nani atakunywa?"

Digidigi akakohoa. "Hilo nalo ni swali zuri, tunaweza kulijadi..."

"Kalijadili na mama yako!"

Akamwinua Kibogoyo kwa pua, akaondoka na wanawe mpaka kwenye korongo kavu. Akapiga magoti mchangani, akachimba. Chaka, chaka, chaka. Alijua kuna maji? Hakujua. Alichimba kwa sababu kuchimba ndiko anakokuweza. Mchanga mkavu. Chaka, chaka. Mchanga baridi. Chaka. Tope. Kisha maji kidogo, yakichuruzika taratibu.

Akanusa. Harufu ya udongo. Akanywa yeye kwanza. Akangoja. Tumbo likanyamaza. Ndipo akawaita.

Kibogoyo akanywa. Akapepesa macho. Akampiga teke kaka yake.

Jua lilipoinama, Nyani akaja, midomo imempasuka. Baraza, alisema, bado linaendelea: sasa wanajadili kama Bi Ngiri alikuwa na haki ya kuondoka kabla kikao hakijafungwa.

"Kunywa," akasema Bi Ngiri.

Nyani akanywa mpaka akatweta. "Sasa niambie, bwawa lile lina nini hasa?"

"Sijui. Labda Kiboko, labda wimbo, labda ugonjwa. Mmenichanganya mpaka sijui. Nalijua shimo hili tu, maana nimelinywa."

Basi nawaambieni waziwazi, sizunguki. Mambo ya nchi yajadiliwe, lakini mwenye shida asizibwe mdomo. Na anayekushauri juu ya maji, muulize kwanza kama na yeye atayanywa.

Hadithi yangu imekomea hapo, na asiyeelewa aniulize mimi, asiende barazani.