Ukuta wa Bibi Nyanjige

"Mstari uliopinda usiufute, umalizie." Mmenisikia nikimwambia hivyo Lushu, aliyechana karatasi ya tatu tangu asubuhi kwa sababu mchoro umemkataa, na sasa mnataka kujua maneno hayo nimeyatoa wapi. Basi acheni kumcheka mwenzenu, mkae. Chanzo chake kiko nyumbani kwetu, na mkosaji ndani yake ni mimi.

Mama mkwe wangu, Bibi Nyanjige, alikuwa mchoraji wa kuta. Siku zile kijijini kwetu wakwe hawakupokelewa mpaka bibi wa binti awe amepamba ukuta wa mbele kwa udongo mweupe: pembetatu, miraba, mistari iliyonyooka kama uzi. Mkono wa bibi ndio uliokuwa baraka yake. Bibi Nyanjige aliwafundisha wajukuu mchezo wa malizia pia. Mmoja anachora chini mistari miwili mitatu isiyo na maana, mwenzake anaigeuza kuwa kitu: mti, jogoo, mzee mwenye kibyongo, chochote. Sheria ilikuwa moja tu, anayefuta ameshindwa.

Kisha kiharusi kikampoozesha mkono wa kulia. Mwaka uleule binti yangu Holo akapata mchumba.

Siku tatu kabla ya wageni kuja, bibi aliamka mapema, akachovya mkono wa kushoto katika kopo la udongo, akaanza. Niliporudi kutoka kisimani nilikuta pembetatu zimelala ubavu, na mistari inapanda na kushuka kama njia ya mlevi. Niliona aibu. Niliwaza wakwe watakavyosema, sikumwaza yeye. Nikalowesha kitambaa.

"Mama, pumzika," nikamwambia. "Nitafuta, nimwite mtu achore upya."

Hakubisha. Aliuficha ndani ya kanga ule mkono wenye udongo.

"Futa, mwanangu," akasema. "Nilitaka tu Holo asiondoke bila mkono wangu."

Maneno yale yalinichoma, lakini kitambaa kilikuwa kimeshagusa ukuta. Ndipo Holo akanishika.

"Mama, anayefuta ameshindwa."

Akakoroga masizi ya chungu kwa maji, akachovya kidole, akauongezea miguu na mdomo ule mstari uliopinda kuliko yote. Tukamwona korongo ameinamia dimbwi, na dimbwi lenyewe lilikuwa doa la kitambaa changu. Pembetatu iliyolala akaitia pembe, ikawa mbuzi anayejikuna. Bibi akacheka, kicheko ambacho hatukukisikia tangu augue.

"Chora mwingine, bibi, na uupinde zaidi," Holo akasema.

"Huo utakushinda wewe!"

"Upinde tu uone."

Wakacheza hivyo hadi jua la utosi, mimi nimesimama na kitambaa changu kama mgeni asiyekaribishwa. Mwishowe nikakitupa, nikaenda kumtia mbuzi jicho.

Wageni walipofika, baba wa bwana harusi hakuingia ndani. Aliufuata ukuta hatua kwa hatua, akicheka peke yake, halafu akauliza ni mkono wa nani. Bibi akautoa wa kushoto ndani ya kanga, akauinua mbele ya watu wote.

"Ni wangu," akasema. "Umepinda, na mjukuu wangu ameumalizia."

Watu waliyachukua maneno hayo wakaenda nayo, kila mmoja akiyanyoosha kidogo, mpaka yakawa methali.

Bibi Nyanjige hayupo tena, na ukuta ule mvua imeshaula. Lakini juzi, nilipokuwa nikimimina chai, mliona mkono wangu ulivyotetemeka, mkajifanya hamkuona. Haya, Lushu, lete karatasi iliyobaki. Nitakuchorea kwa mkono huuhuu, na kitakachotokea ni kazi yako. Mstari uliopinda usiufute, umalizie.