Ncha Mbili za Kamba

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Maana yake, anayeivika ngoma ngozi mpya huivuta kuelekea pale alipoketi yeye, na ikipinda haoni, kwa kuwa kwake yeye imenyooka. Huko Marlow Creek, jimboni Ohio, watu hawawambi ngoma. Wanaandika vitabu.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba mwaka 2014, siku ambayo wahitimu hurudi chuo kikuu kutazama mechi na kukumbushana ujana. Ukumbi wa mazoezi ulinukia soseji na kahawa. Wazee walikuwa wamevaa sweta zao za zamani zenye herufi M ya sufu kifuani, tuzo ya waliochezea timu, na vitambi vilikuwa vimezivuta herufi hizo hadi zikafanana na popo waliotandaza mabawa. Mbele ya kila mtu paliwekwa kitabu kipya: Miaka Hamsini ya Soka Letu.

Mzee Jenő Halmos hakuwa na sweta. Alivaa tai aliyofungwa na bintiye, Marika. Kwa kuwa mikono yake ilitetemeka, Marika alimkatia pankeki vipande vidogo vidogo, kama alivyomkatia mwanawe nyumbani.

"Nisomee pale nilipo," mzee alisema. "Miwani nimeiacha kwenye gari."

Marika alifungua. Ukurasa wa kwanza ulisema timu ya wanaume ilizaliwa mwaka 1964, siku kocha Harlan Pruett alipofika na mpira kwapani "akakuta uwanja mtupu." Akapekua hadi orodha ya majina mwishoni. Halmos hakuwamo. Damu ikamchemka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

"Vipi, wameniandika vizuri?"

"Kula kwanza, baba. Zitapoa."

Atamwambiaje? Wiki nzima furaha ya kitabu hiki ilimnyima mzee usingizi. Alikuja Marlow Creek kijana wa miaka ishirini, akikimbia vifaru vya Kisovieti vilivyoingia Budapest, Hungary. Hadithi yake Marika aliinyonya pamoja na maziwa ya mama: jinsi baba, vuli ya mwaka 1958, alivyookota mabomba ya maji akayaunga kuwa milingoti ya goli, jinsi alivyoomba chokaa, akachora mistari peke yake alfajiri, kabla watu wa besiboli hawajaamka kumfukuza uwanjani.

Aliinuka, kitabu mkononi, akaenda moja kwa moja hadi meza kuu.

"Kocha, baba yangu yuko wapi humu?"

Pruett alimeza tonge. "Aa, Marika! Baba yako mtu mzuri sana. Ila ile ilikuwa klabu tu, binti yangu. Vijana wa kigeni wakinyoosha viungo. Hawakupewa herufi, na asiye na herufi haingii kwenye orodha. Ndiyo kanuni."

"Kanuni aliitunga nani?"

Kocha alijifuta mdomo polepole. "Mimi, lakini—"

"Na milingoti uliyoikuta? Iliota yenyewe, kama uyoga?"

"Punguza sauti, mama. Watu wanakula."

"Wameshashiba! Miaka hamsini wanakula jasho la mzee yule pale!"

Akanyakua kipaza sauti. Aliwasimulia yote: mabomba, chokaa, alfajiri zenye baridi ya kukata masikio. "Baba yangu aliijenga timu hii peke yake," alimalizia, "na ninyi mmeshindwa kumpa hata mstari mmoja!"

Watu walipiga makofi. Wengine waliinamisha vichwa kwa aibu. Ndipo mzee mmoja mweusi, mrefu, asiye na sweta naye, aliposimama karibu na mlango.

"Naitwa Cuthbert Alleyne, kutoka Trinidad," alisema. "Nina swali dogo, mwanangu. Mstari wa uwanja hunyooshwa kwa kamba, na kamba ina ncha mbili. Baba yako alishika moja. Ya pili ilishikwa na nani?"

Marika alimgeukia baba yake. Mzee Halmos alikuwa akiitazama pankeki yake.

"Baba?"

"Cuthbert alikuwapo," alisema kwa sauti ya chini. "Kila alfajiri. Lakini ninyi wanangu mlikuwa wadogo, mkinitazama vile... Hadithi ilinoga zaidi nikiwa peke yangu."

Kocha Pruett aliangua kicheko. "Mnaona? Sasa tumwamini nani?"

"Usicheke!" Marika alimkemea, machozi yakimlengalenga. "Baba alimsahau rafiki mmoja katika hadithi za mezani kwake, na nitamuuliza tukifika nyumbani. Wewe umewafuta watu kumi na mmoja, timu nzima ya kwanza, kwa wino!"

Kicheko kikakatika. Marika akamwendea mzee Alleyne. "Nisamehe, mzee wangu."

"Msamaha hauna kazi kwangu," Alleyne alijibu, macho makavu. "Niandike."

Marika akaomba kalamu. Pale mezani, mbele ya wote, alikata maneno "uwanja mtupu" kwa mstari mzito, akaanza kuandika pembeni mwa ukurasa.

"Jina langu liwe juu," alisema Alleyne. "Kamba ilikuwa yangu."

"Na mabomba yalikuwa yangu!" mzee Halmos aliruka kama kijana.

"Hata hivyo mpira ulikuwa wangu," kocha alinung'unika.

Marika alitaka kuwagombeza wote watatu. Kisha akatazama alichokwisha kuandika. Jina la Halmos lilikuwa juu kabisa, kwa herufi kubwa kupita zote, na kumi waliosalia hakuwa amewaachia hata nafasi. Hakuna aliyemwagiza. Mkono ulikwenda wenyewe.

Uso ulimwaka moto. Akafungua ukurasa mweupe, akampa Alleyne kalamu, akamvutia baba yake kiti kando ya rafiki yake.

"Andikeni pamoja," alisema. "Nami nitasimama hapa niwatazame. Kocha, sogea uone!"

Maana yeye, kocha, na baba yake, hakuna hata mmoja aliyesalimika: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.