Jina la Mla Chura

Hapo zamani, kabla Waingereza hawajalikata neno lao likawa "toady", mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa aliitwa kwao "toad-eater", yaani mla chura. Jina hilo lilitokana na kazi. Mganga wa sokoni alikuwa na mtumishi. Mtumishi alikula chura mbele ya watu, au alijifanya kumla, akaanguka kama aliyeingiwa na sumu. Mganga akamwinua kwa dawa yake, na watu wakainunua dawa. Kazi ilikwisha, jina likabaki. Leo wengi wanaolitamka hawajui kwamba ndani yake mna chura.

Sasa sikilizeni ya Kilangwe, mji ambao hamtauona katika ramani yoyote. Nao ulikuwa na mganga, ulikuwa na chura, ulikuwa na mlaji.

Mlaji aliitwa Feruzi. Mwaka wa njaa, Mganga Sengo alimpokea yeye na binti yake Mwanahija, wakati huo mtoto wa kubebwa mgongoni, akawapa chumba na chungu. Tangu hapo, kila Jumamosi ya gulio, Feruzi alipiga magoti jamvini, akafumba macho, akameza. Chura alikuwa mdogo na baridi, na mguu wa nyuma ndio uliosumbua, kwa kuwa ulikataa kushuka pamoja na mwili. Feruzi alianguka, akatapatapa, akanyweshwa unga wa kijivu uliokorogwa kwa maji, akainuka mzima. Miaka kumi na minne alimeza. Miaka kumi na minne aliitika "Naam, bwana," hata alipoulizwa kama ameshiba naye hajala.

Chura hakuwa na sumu. Chura wa sumu ana uvimbe nyuma ya macho. Wa Sengo hakuwa nao. Feruzi alijua, maana ndiye aliyewaokota bondeni.

Ikawa Jumatatu moja mkulima Mkadamu akaumwa na nyoka katika mpunga wake. Mtaalamu wa nyoka alikuwapo ng'ambo ya mto, mwendo wa asubuhi hadi adhuhuri. Hawakwenda. Nyumbani mlikuwa na unga wa Sengo. Mkewe, Bi Chausiku mfinyanzi, akamnywesha, akaketi kumngoja ainuke kama Feruzi anavyoinuka. Mkadamu hakuinuka.

Jumanne Mganga Sengo akatoroka. Jumatano, matangani, Feruzi akasimama mbele ya waombolezaji akasema: "Chura hakuwa na sumu hata siku moja. Na unga ule ni majivu."

Zingatieni mpangilio wa siku hizo, kwa sababu utabishaniwa: bwana alitoroka kwanza, mtumishi akasema baadaye.

Alhamisi baraza likaketi mbele ya Jumbe wa mji. Watu wa Kilangwe walikuwa na desturi: mtu akiwauza wenzake kwa kumridhisha mkubwa, baraza humpa jina la Mla Chura. Mwenye jina hilo hana kauli. Hatoi ushahidi, hadhamini mtu, haozeshi binti. Na kosa moja lilizaa jina moja tu. Halikugawanywa kama nyama ya sadaka.

Hapo ndipo desturi ilipomgusa Feruzi. Ijumaa, yaani kesho yake, Mwanahija alikuwa aolewe. Mjomba wa bwana harusi alikwisha kumwambia mlangoni: "Shemeji, binti tunamtaka. Lakini tunataka baba mwenye kinywa chake. Kikichukuliwa barazani, sisi tutarudi tulikotoka."

Bi Chausiku akasimama, kaniki ya eda mwilini.

"Sengo amekwenda, hayupo wa kumshika," akasema. "Lakini Sengo hakuniuzia dawa peke yake. Waliniuzia watatu. Huyu aliyekula, huyu aliyesifu, na yule pale aliyenyamaza. Nataka jina litolewe."

Jumbe akamwita aliyekula.

"Nilikula, Jumbe, sikusema," Feruzi akajibu. "Sikumwambia mtu hata mmoja, 'Nunua.' Nilikula kwa kuwa mwanangu alikuwa na njaa, na aliyemlisha alitaka nile. Kama si mimi, nani angejua leo kwamba unga ni majivu? Ningenyamaza, Mkadamu angezikwa na siri, nami kesho ningeozesha."

"Ulisema Jumatano," Bi Chausiku akamkatiza. "Sengo aliondoka Jumanne. Mbwa akishakwenda, hata paka hunguruma."

"Ni kweli, dada yangu."

"Na njaa ilikwisha miaka kumi na miwili iliyopita. Mvua ilinyesha, mahindi yakajaa. Mbona hukuacha kumeza?"

Feruzi akaitafuta sababu hiyo, akaipata, na ilipopatikana haikumpendeza. "Nilikwisha kuzoea," akasema.

Jumbe akamwita aliyesifu. Huyu alikuwa Songoro, mpiga mbiu wa gulio, mtu wa sauti nene na kanzu iliyopigwa pasi. Kila Jumamosi ndiye aliyepaza: "Nimeona kwa macho yangu! Mfu ameinuka!" Na kila Jumamosi alikula wali kwa Sengo, mkono kwa mkono na mwenyeji.

"Nilisema, Jumbe, sikula," Songoro akaanza. "Mimi ni mtu wa mbiu. Naambiwa, natangaza. Nilimwona mtu ameanguka, nikamwona ameinuka. Nilichokitaja ni hicho hicho. Aliyenidanganya ni Feruzi. Basi mimi ni mdanganywa, kama Bi Chausiku, na mdanganywa hapewi jina, hupewa pole."

Maneno yalikuwa mazuri, na baadhi ya wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Bi Chausiku hakutikisa.

"Bwana Songoro, mwaka jana ng'e alimuuma mwanao."

"Alimuuma, ndiyo."

"Ulimpa unga wa Sengo?"

Songoro akakohoa. "Siku ile... siku ile nilimvusha mto."

"Ukampeleka kwa mtaalamu!"

"Mtoto ni mtoto, Bi Chausiku."

"Na mume si mume?"

Baraza likacheka, kisha likakumbuka kuna msiba, likaacha. Feruzi peke yake hakucheka. Alikuwa akipima: je, kutoamini jambo ni sawa na kujua kuwa ni uongo? Songoro hakuijua siri ya chura. Alikuwa na shaka tu, na shaka yake aliiweka akiba kwa ajili ya mwanawe.

Jumbe akamwita aliyenyamaza. Alikuwa Mwinyimvua, mshauri wake mwenyewe, mzaliwa wa bondeni, aliyewajua vyura kama wengine wajuavyo kuku wao. Miaka kumi na minne nyuma, kabla Sengo hajaruhusiwa kutandika jamvi, Jumbe alimuuliza, "Dawa hii ni ya kweli?" Naye alijibu, "Kama uonavyo wewe, Jumbe."

"Sikula wala sikusema," akasema Mwinyimvua. "Nitashtakiwa kwa lipi? Kwa hewa?"

"Ulijua chura hana sumu?" Jumbe akauliza.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Mwinyimvua akamtazama, kwa mara ya kwanza bila kuinamisha macho. "Kabla yangu ulikuwa na washauri wawili, Jumbe. Mmoja alikuambia mfereji wako hautapitisha maji. Mwingine alikuambia farasi wako ni kilema. Wote wawili wanalima mtama mpakani. Na wewe ulikwisha kumpenda Sengo. Hukuniuliza ili ujue. Uliniuliza ili uitikiwe."

"Neno moja tu lingetosha!" Feruzi akapaza sauti. "Mimi nilikuwa mtu wa kulishwa, nani angenisikia? Wewe ulikuwa na sikio la Jumbe."

"Nami ningelitumia mara moja, kisha nisiwe nalo tena," akajibu Mwinyimvua.

Jumbe akawageukia wazee. "Wenzangu, mnasemaje?"

"Ukisema wewe, Jumbe, mji umesema," wazee wakaitika kwa pamoja.

"Sikieni bondeni!" akasema Bi Chausiku. "Vyura wameitika." Kisha akamgeukia Jumbe, sasa bila mzaha. "Nilikuja unihukumie, baba. Lakini aliyemkaribisha Sengo ni wewe, na aliyewafundisha watu kunyamaza ni wewe. Hakimu hakati kesi inayomgusa."

Jumbe akainuka katika kiti chake. "Kweli," akasema. "Kesi hii si yangu. Wala si ya yeyote anayekula kwangu. Na aamue asiyetarajia kitu kwetu."

Feruzi akageuka kumtafuta Mwanahija kati ya wanawake. Alikuwa amesimama nyuma, hina mbichi mikononi, vidole ameviachanisha isiharibike. Baba akataka kumwita, akafungua kinywa, akakifumba. Alikuwa bado hajui kama ni chake.

Basi ninyi mnaonisikiliza hamli kwa Jumbe, wala kwa Sengo hamkupata kula. Mmoja alikula bila kusema, akasema alipokuwa amechelewa. Mmoja alisema bila kula, na hakuyaamini aliyoyasema. Mmoja alijua yote, hakula wala hakusema. Jina ni moja, na harusi ni kesho. Je, nani alistahili kulibeba?