Timu Ikifunga, Kocha Afunge

Paukwa.

"Pakawa."

Pakawa mpira, ukapigwa teke, ukaingia langoni mwenyewe hayupo. Niufuate?

"Ufuate, tuko nyuma yako."

Na nikidanganya?

"Danganya vizuri."

Basi, zamani hizo wanyama ndio waliosoma na watu ndio waliochungwa. Palikuwa na Chuo cha Bondeni, na chuo kilikuwa na timu ya mpira. Timu ilikuwa na lango, na lango lenyewe lilikuwa kama sokoni, kila mwenye haja aliingia. Leo linaingia bao moja, kesho yanaingia mawili, keshokutwa watu wanaacha kuhesabu. Kocha wa ulinzi, Bwana Pofu, aliomba ruhusa akachimbe dawa kichakani, na mpaka leo hajamaliza kuchimba.

Nafasi ikawa wazi. Na nafasi ikiwa wazi, midomo nayo huwa wazi.

Mashabiki walikutana kwenye kibanda cha chai nje ya uwanja. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Nyumbu, ambaye hajapata kugusa mpira maisha yake yote, na ukoo wake mzima ulikuwa nyuma yake. Karibu naye alikaa Kasuku, mchambuzi. Uchambuzi wake ulikuwa kurudia aliyosema mwenzake, ila kwa sauti kubwa zaidi.

"Tunahitaji jina kubwa," akasema Mzee Nyumbu.

"Jina kubwa," akasema Kasuku.

"Mimi naona tunahitaji mtu wa mazoezi," akasema Ngiri.

"Mazoezi," akasema Kasuku.

"Jina kubwa," wakasema Nyumbu wote, na mjadala ukafungwa. Ndivyo ulivyofungwa siku zote.

Sasa pembeni pale alikaa Nguchiro, beki wa kushoto. Kimwili alikuwa mdogo, ungeweza kumkalia usijue. Nguchiro hakuwa na shamba, wala mjomba mwenye shamba. Ila chuoni hapo wachezaji walikula bure bwaloni, sahani moja ya ugali na maharage kila alasiri, na sahani hiyo ndiyo iliyomweka mjini. Ndiyo maana aliuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria.

"Samahani, wazee wangu. Huyo mtakayemleta, anakula kiasi gani?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. "Wewe unayepitwa kama mlango wa choo, unauliza habari za chakula?" akasema Mzee Nyumbu.

Hawajamaliza kucheka, huyo Fisi anakuja. Kidogo anachechemea, kidogo ananusa. Guguta, guguta, guguta.

"Shikamoo, mzee," akasema Nguchiro.

"Marahaba, mwanangu. Una kilo ngapi?"

Nguchiro akasogea nyuma kidogo.

"Nasikia mnatafuta mtu wa ulinzi," akasema Fisi. "Mimi nimelinda tangu ujana wangu. Nimelinda zizi la mbuzi kule juu."

"Walitoroka wangapi?" akauliza Mzee Nyumbu.

"Hata mmoja hakutoroka."

"Na sasa wako wapi?" akauliza Nguchiro.

"Nimeshasema, hawakutoroka," akasema Fisi, akajilamba mdomo.

Makofi yakapigwa pale, mpaka birika likatikisika. Mzee Nyumbu akasema hajapata kusikia rekodi safi namna hiyo. Kasuku akasema safi. Ngiri alitaka kuuliza kama kulinda mbuzi na kulinda lango ni jambo moja, lakini akazomewa, akanyamaza. Ulinzi ni ulinzi, wakasema.

"Nina sharti dogo tu," akasema Fisi. "Ulinzi huanzia tumboni. Kocha ale kwanza, wachezaji wafuate."

Wakakubali, maana tumbo si lao.

Alasiri ile Fisi akaingia bwaloni. Nyafu, nyafu, nyafu, sufuria ya ugali ikaisha. Nyafu, nyafu, nyafu, sufuria ya maharage ikaisha. Akalamba mwiko, akamwangalia mpishi, mpishi akatorokea dirishani. Wachezaji walipoingia walikuta harufu, wakainusa, wakaenda kulala.

Mechi ikaja, timu ikafungwa. Mashabiki wakakaa kibandani.

"Falsafa inahitaji muda," akasema Mzee Nyumbu.

"Muda," akasema Kasuku.

Fisi akaenda bwaloni. Nyafu, nyafu, nyafu.

Mechi nyingine ikaja, timu ikafungwa tena, safari hii kipa Kobe alilala langoni kwa njaa akidhaniwa anajirusha. Mashabiki wakakaa kibandani.

"Kocha hana kosa," akasema Mzee Nyumbu. "Tatizo ni beki wa kushoto. Tukifungwa tena, Nguchiro atoke kwenye timu."

"Atoke," akasema Kasuku.

Nguchiro alisikia. Kutoka kwenye timu ni kutoka bwaloni, na kutoka bwaloni ni kufunga virago. Aliogopa, jamani, nisiwafiche. Lakini mwenye njaa hana mwiko, na akili yake hainenepi ikalala. Akajipangusa vumbi, akaenda mpaka katikati ya kibanda, Fisi akiwa amekaa kitini kama bwana harusi.

"Wazee wangu, mnanionea lakini sina kinyongo," akasema. "Mimi nampenda kocha wetu. Kocha mkubwa huwa kitu kimoja na timu yake. Timu ikifunga, kocha afunge. Timu ikifungwa, kocha afungwe. Ila sijui kama Bwana Fisi naye ni wa daraja hilo."

Mashabiki wote wakamgeukia Fisi. Na Fisi, sifa alizipenda karibu sawa na mifupa.

"Mimi na timu ni kitu kimoja," akasema, kifua mbele. "Timu ikifunga, nimefunga. Ikifungwa, nimefungwa."

Mzee Nyumbu alifuta machozi, habari ya kumtoa Nguchiro akaisahau. Kasuku akaruka, akayatangaza maneno yale chuo kizima, bweni kwa bweni.

Mechi ikaja. Siku hizo mechi zilichezwa asubuhi, bwalo likafunguliwa alasiri, likafungwa kabla ya jua kuzama. Nguchiro akaupata mpira kushoto, akakimbia nao, maana njaa nayo ina mbio zake. Akamsogezea Swala, Swala akapiga. Puu! Bondeni moja, wageni bila. Filimbi ikalia.

Mashabiki wakambeba Fisi juu kwa juu mpaka mlango wa bwalo. Nguchiro alikuwa keshafika.

"Hongera, kocha. Umefunga."

"Nimefunga," akasema Fisi, mate yakimtoka.

"Wote mmemsikia? Kafunga?"

"Kafunga," wakaitikia.

"Basi mpishi, sahani ya kocha irudi jikoni. Aliyefunga hali mpaka jua lizame."

Fisi akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mimi nilisema kufunga goli, sikusema kufunga kula."

"Goli mimi sikulisikia. Kasuku, alisemaje?"

"Timu ikifunga, nimefunga," akasema Kasuku.

"Kocha anafunga kwa ajili ya timu," akasema Mzee Nyumbu kwa sauti ya kilio. "Sijaona mapenzi kama haya."

Ukoo mzima wa Nyumbu ukajipanga mlangoni, pembe kwa pembe, kumlinda kocha wao asije akaiharibu funga yake. Walimpenda mno, wasingemwacha afuturu mapema. Ndani wachezaji wakala. Nje tumbo la Fisi likalia, guruu, guruu, guruu.

Mechi iliyofuata, Fisi akawaita wachezaji pembeni. "Leo hakuna kufunga. Anayefunga nitamtafuna."

Hawakufunga. Wageni ndio waliofunga, bao moja la kichwa. Fisi akatabasamu, akaelekea bwaloni. Akamkuta Nguchiro ameshika kamba.

"Pole, kocha. Leo umefungwa."

"Kasuku, alisemaje?" akauliza Mzee Nyumbu, kabla hata hajaulizwa yeye.

"Ikifungwa, nimefungwa."

Wakamfunga kwenye mwamba wa goli, kwa heshima, huku wakimuuliza kama kamba inambana. Wachezaji wakala. Fisi akabaki pale, guruu, guruu, guruu.

Sasa Fisi si mjinga kiasi mnachofikiri. Alifikiri pale mwambani, akaona upenyo: timu isifunge, isifungwe, naye atakula. Jioni, bwalo lilipofungwa, akafunguliwa kamba; kesho yake akaamka alfajiri, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akafanya kazi. Akawaonyesha mabeki pa kusimama. Akawafundisha kuzibiana nafasi. Akamwambia Kobe aache kuingiza kichwa ndani mpira unapokuja. Na niseme haki yake, alifundisha vizuri kweli, hata Nguchiro alishangaa.

Siku ya mechi, ukuta ukasimama. Wageni wakaja kulia, wakarudi. Wakaja kushoto, wakarudi. Bila kwa bila. Dakika zikaenda, na kutoka jikoni harufu ya maharage yenye nazi ikaja mpaka uwanjani. Fisi alifumba macho, akaanza kutafuna hewa.

Nguchiro akamwona. Mpira ulikuwa miguuni mwake, hakuna adui karibu. Akageuka taratibu, akamtazama kipa wake Kobe, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Puu! Mpaka Kobe anageuza shingo, nyavu zimeshatulia.



"Tumejifunga," akasema Kasuku.

Filimbi ikalia. Nguchiro akaichukua kamba, akaipeleka mwenyewe, akainama kwa adabu.

"Kocha wangu, leo hatukufunga, wala hakuna aliyetufunga. Tumejifunga. Basi na wewe jifunge."

Fisi akaitazama kamba. Akawatazama Nyumbu, wote wanamsubiri kwa upendo, machozi tayari. Akavuta harufu ya maharage mara ya mwisho. Kisha akachomoka, puruu, puruu, puruu, akaingia porini, na huko aliko anasema mpira wa chuo hauna maslahi.

Kuanzia hapo wachezaji wakala. Wakishakula wakasimama pale walipofundishwa kusimama, na lango likafunga mlango. Nyumbu wakaja bwaloni kuwapongeza.

"Mnaona?" akasema Mzee Nyumbu. "Ukuta huu ni kazi ya Bwana Fisi. Tungemvumilia kidogo tu. Tatizo lilikuwa beki wa kushoto, aliyemkatisha tamaa."

"Beki wa kushoto," akasema Kasuku.

Wachezaji wakamwangalia Nguchiro. Nguchiro mdomo umejaa, akameza kwanza.

"Kweli kabisa, mzee," akasema. "Nisogezee hayo maharage."

Hadithi yangu imetoka nje ya mstari. Mwenye kuirusha airushe, mwenye kuizomea anunue tiketi.

"Na funzo lake?"

Funzo lake ni hili: mlinzi mwaminifu ni fisi, na anayejua mpira ni yule asiyeucheza. Na ninyi vijana, mkiwa na njaa, nyamazeni, wakubwa wanajadili.