Ua Lisilotajwa Jina

Ko! Mlango ulibishwa mara moja tu, usiku, baada ya sala ya isha. Mtu mmoja, Mzee Kibwana, alikuwa na mabinti wawili, na kabla hajafungua alikwisha kuamua wageni wamemfuata yupi.

Walikuwa washenga. Wakaketi mkekani, wakakohoa kidogo, wakasema kwa adabu ya kazi yao: "Mzee, tumeliona ua bustanini mwako. Limestahimili kiangazi, na kijana wetu Mbaruku amelipenda."

Nyuma ya pazia mkewe, Bi Zaituni, akashika kifua. Mzee Kibwana hakusikia kiangazi. Alisikia ua, akatabasamu.

Kwake ua lilikuwa moja: Saumu, binti mdogo, aliyekuwa bado chuoni akisomea ualimu. Mkubwa alikuwa amerudi nyumbani na talaka, na tangu siku hiyo baba hakulitia jina lake mdomoni. Alimwita "huyo wa jikoni". Hata mkewe, aliyekuwa akiitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama mama yeyote, aliamriwa aitwe Mama Saumu.

"Uliza jina," Bi Zaituni alimwambia mumewe washenga walipoondoka.

"Muungwana haulizi. Kwani nina maua mangapi?"

"Mawili, Baba Saumu. Mawili!"

"Mama Saumu, usinichoshe."

Waingereza wana neno moja la kudhani lililozaliwa katika Kilatini, na huko mzizi wake ulikuwa kuchukua: mtu kujitwalia kitu. Basi tazameni. Mzee Kibwana hakupewa jina, alijitwalia. Na mtu akishajitwalia, ukimwambia aulize, huona unamnyang'anya.

Bi Zaituni alichoka, lakini hakunyamaza. Alisema tena siku ya kupokea mahari, akaambiwa anatafuta aibu. Akawauliza wanawake wa upande wa bwana harusi, nao wakacheka mpaka wakafuta machozi: "Mkwe wetu wewe! Mwanao mwenyewe humjui?" Kila mtu alidhani anajua. Hakuna mwingine aliyeuliza. Saumu alipopewa habari aliinamisha kichwa, akalia bila sauti, na baba akatangaza kwamba ndivyo wanavyokubali wanawali. Na yule mkubwa, ambaye Mbaruku alikuwa amemwahidi kuleta wazee, akapepeta mchele wa harusi ya mdogo wake huku akiamini amegeukwa. Naye hakuuliza.

Siku ya ndoa, mbele ya shehe na mashahidi, Mzee Kibwana alikamata mkono wa Mbaruku, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Nimekuozesha binti yangu Saumu."

Mbaruku hakuitikia. Aliutazama mkono wake kama si wake.

"Mzee, huyo ni shemeji yangu. Mimi nimemposa dada yake."

Nyuma ya pazia ikasikika sauti iliyokuwa imebanwa muda mrefu: "Si nilisema? Jamani, si nilisema?"

Mzee Kibwana akaangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumlaumu. Washenga walikuwa wamesema. Mkewe alikuwa amesema. Hakumpata.

Shehe akapandisha miwani, naye amechoka. Akasema hataki kudhani hata kidogo tena katika nyumba hii. Mashahidi waende wakamuulize binti mkubwa mwenyewe. Wakamkuta mbele ya sufuria la pilau, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi au kwa kingine. Wakarudi na jibu lake kama alivyolitoa: "Nimekubali. Lakini sitoki jikoni nikiitwa 'huyo'. Baba aje mwenyewe, aniite."

Wakamgeukia baba, wote. Mzee Kibwana akasema kwamba shehe anaweza kumwita, shehe akakataa. Akasema kwamba mama wa binti anaweza. Pazia halikutikisika.

Ndipo akainuka. Akavuka ua wa nyumba yake mwenyewe kama mgeni asiyejua njia, akasimama kwenye mlango wa jikoni, kofia mkononi. Binti hakugeuka. Alikuwa akikoroga pilau ambayo haikuhitaji kukorogwa. Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena.

"Mwanakombo," akasema. "Mwanangu Mwanakombo."